Samaki Asiye na Kichwa

Jumapili, tarehe 6

Dada,

Shikamoo. Uliniambia nikuandikie kila kitu, hata yale ambayo nikiulizwa kwa mdomo nainamisha kichwa. Haya. Nimefika salama, sijapotea, na njia nzima sijaongea na mtu. Saa mbili nzima. Jirani yangu wa kiti alidhani siijui lugha, akawa ananionyesha mambo kwa vidole.

Mgahawa wa shangazi uko pale lami inapoishia na mchanga kuanza. Nguzo sita, paa la mabati, mabenchi manne, ukuta hakuna, kwa hiyo upepo wa bahari unakula pamoja na wateja. Kuna meza ya saruji yenye barafu, samaki wanalazwa hapo, mteja anachagua mwenyewe kwa kidole, "Nataka huyu mwenye hasira." Kwenye nguzo ya mbele ameandika kwa chaki: SAMAKI WA LEO NI WA LEO. Kazi yangu ni kuparua magamba, kutoa matumbo, na kunyamaza. Naiweza.

Mchana wanakuja wenye viatu vizuri. Ikigonga saa nane, kilichobaki chote kinaingia sufuria moja kubwa, na hapo wanakuja wenye njaa ya kweli: wabeba mizigo, walinzi, fundi viatu. Wanaiita sahani ya mwisho. Wali, mchuzi, na kipande chochote mwiko utakachokamata, kwa bei ya soda moja. Fundi viatu anakaa mwisho wa benchi karibu na mimi. Vidole vyake vimelowa rangi nyeusi mpaka kwenye kucha. Mkewe anajua kwamba mchana hali, anabana ili watoto washibe. "Usinitaje, binti," aliniambia. Hanilazimishi kuongea. Anasema watu wa maneno machache tunashiba haraka.

Shangazi ana amri moja tu: samaki asiye na kichwa haingii jikoni kwake. Wachuuzi wamlete mzima, na macho yake. "Kichwa ndicho cheti chake cha kuzaliwa," anasema. "Bila hicho, mimi sijui nampikia mtu nini."

Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya ngisi. Sasa inawaka taa tu, haisemi, tumefanana. Barua nitampa dereva wa lori la barafu. Anafika hapa kila asubuhi na kurudi huko kwenu mchana.

Mdogo wako,
Kobe


Jumatatu, tarehe 7, alfajiri

Kobe wangu,

Marahaba. Dereva ameniletea barua yako imelowana kama samaki, nikaianika kwenye kamba ya soksi. Wenzangu bwenini wanauliza nani ananiandikia mapenzi.

Mimi ni wodi tu, wodi na mitihani. Mikono yangu inanuka dawa ya kuoshea sakafu hata nikimenya chungwa. Wiki hii niko chumba cha mahututi, muuguzi mkuu amesema kuwa mwanafunzi si sababu ya kusimama kama mwavuli uliofungwa.

Sikiliza. Sikukupeleka huko ukaparue magamba tu. Neno moja kwa siku, ndiyo dawa ninayokuandikia. Anza na "Karibu." Kesho "Hapana." Hilo la pili ni gumu zaidi, najua, hata mimi bado linanikwama kooni. Msalimie shangazi, mwambie asikukondeshe.

Dada yako


Jumanne, tarehe 8

Dada,

Shikamoo. Barua hii fupi, kuna kazi nyingi.

Kuna rafiki yangu wa shule aliwahi kuniuliza jambo nami sikuwa na jibu. Wewe unasomea uuguzi. Je, mtu akila samaki aliyepikwa vizuri, akachemka kabisa, anaweza bado kudhurika? Na ni baada ya saa ngapi? Akipita siku ya kwanza salama, ndiyo amepona?

Swali lake la pili si la uuguzi. Mtu akikosea bila kukusudia, halafu akanyamaza, kule kunyamaza ni kosa jingine au ni lile lile linaendelea?

Ni rafiki tu. Anapenda maswali.

Jana fundi viatu alikula kama kawaida. Leo kibanda chake kimefungwa. Viatu vya watu vimening'inia kwenye misumari, kimoja kimoja. Jirani yake, muuza vocha, anasema alichukuliwa jana jioni na gari la wagonjwa, ameanguka akiwa anatembea. Shangazi amesema ni jua. Wateja wote wamesema ni jua, wakaendelea kula.

Sijasema "Karibu" wala "Hapana."

Kobe


Jumanne, tarehe 8, jioni

Kobe,

Niwie radhi, barua yako nimeisoma mbio mbio, swali la rafiki yako nitamwuliza mwalimu wetu, mimi samaki nawajua kwenye sahani tu. Leo kichwa changu hakipo. Acha nikuambie, maana nisipomwambia mtu nitalia mbele ya muuguzi mkuu.

Jana jioni tuliletewa mgonjwa kutoka upande wenu. Hasogezi kidole. Hapumui mwenyewe. Mashine yetu ya kupumulia ni mbovu, basi tunampa pumzi kwa mkono, kuna mfuko wa mpira, unaubana, unauachia, unaubana, unauachia. Tunapokezana kila nusu saa, wanafunzi na ndugu zake. Daktari anasema huenda ni kiharusi kikubwa. Wamemwuliza mkewe alikula nini, amesema mchana mumewe huwa hali kitu, na jioni alianguka kabla ya chakula. Leo amerudi nyumbani kwa watoto, amewaacha shemeji zake hapa.

Linalonitisha ni hili. Nilipokuwa naubana ule mfuko, nikamfuta uso, na chozi likatoka jicho la kulia. Nikalifuta. Likatoka jingine. Nikamwambia daktari, akasema macho hutoa maji yenyewe. Lakini mimi nahisi anasikia. Nahisi yumo mle ndani, kama mtu aliyefungiwa chumbani, anatusikia tukijadiliana kama tuendelee au tuache. Ndugu zake wanasema kesho kutwa, yaani Alhamisi, watamchukua akafie kwake.

Mikono yake ndiyo inaniumiza. Vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, tumesugua na spiriti haitoki. Mtu wa kazi.

Nimekuchosha. Kula vizuri.

Dada yako


Jumatano, tarehe 9

Dada,

Hakuna rafiki. Ni mimi.

Nimeisoma barua yako nyuma ya mapipa ya maji, na hapo hapo nakuandikia. Huyo mtu mwenye vidole vyeusi nimemlisha mimi. Usisome polepole, kimbia kwa daktari sasa hivi na barua hii mkononi, halafu yaliyobaki utasoma baadaye.

Mwambie ni bunju. Nadhani ni bunju. Yule samaki wa sumu anayejivimbisha, hata watoto wa hapa ufukweni hawamgusi.

Jumatatu asubuhi shangazi alikuwa amekwenda kufuata mkaa. Akaja mchuuzi mmoja wanamwita Haraka, hajawahi kusimama sehemu moja kwa muda wa salamu. Akatua ndoo. "Binti, hawa nimeshawachuna na kuwakata, kazi imekwisha. Shangazi yako atanibusu." Vipande vyeupe, vinene, safi kama nyama ya kuku, na maini pembeni. Kichwa hata kimoja. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, dada. Nilishaipanga: shangazi hapokei samaki asiye na kichwa. Nilikuwa naitafutia mwanzo wenye adabu. Nilipoupata, mgongo wake ulikuwa umeshafika barabarani.

Shangazi aliporudi akaona vipande. "Hivi vyote umechuna wewe? Mikono gani hii!" Akaita wateja waje wanione. Sijawahi kusifiwa mbele ya watu. Nikainama, wakadhani ni aibu. Ilikuwa ni uongo.

Saa nane vikaingia sufuriani. Nilionja chumvi kwa ncha ya mwiko. Baada ya muda kidogo midomo ikafa ganzi, kama nimeibandika kwenye barafu. Wabeba mizigo wawili nao wakawa wanajishika midomo wakicheka, "Pilipili yako leo ina kesi ya kujibu!" Sote tukapona. Lakini yule fundi, kwa kuwa hanilazimishi kuongea, nilimchagulia kipande kinene kuliko vyote na ini zima juu yake. Nilitaka ashibe. Alisema, "Leo umenipendelea, mwanangu."

Tangu hapo kila mtu akipiga kikohozi nashtuka. Usiku naigusa midomo yangu kujua kama bado ipo. Nimejaribu kumwambia shangazi mara nne. Shuleni tumefundishwa kuomba radhi kwa lugha ile nyingine, na kwa ile inatoka nyepesi, kama kupiga chafya. Nikiigeuza kwa lugha ya nyumbani inakuwa jiwe. Nimebaki na kalamu tu.

Anasikia. Ulivyohisi ni kweli, naomba iwe kweli. Msiache kubana huo mfuko.

Kobe


Jumatano, tarehe 9

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku amepita kwenye unga, vumilia.

Nakuandikia kwa siri juu ya mdogo wako. Mtoto hali. Sahani naiweka imejaa, naiondoa imejaa. Anashtuka ovyo. Na kila asubuhi lori la barafu likifika, anatetemeka, anampa dereva bahasha huku anaangalia chini. Mwanangu, mimi sikuzaliwa jana. Yule dereva ana wake wawili na jino moja la dhahabu. Leo nimemwambia, "We baba, kwangu unaleta barafu, usilete moto." Akajifanya haelewi. Hata barua hii nampa yeye, sina mwingine, lakini nimeifunga kwa gundi ya mabati. Niandikie kama unajua lolote, na kama kuna zaidi ya hilo, niambie mapema, nijue namna ya kumwambia baba yenu.

Mengine ni mema. Huyu mtoto ana mikono ya baraka. Jumatatu alinichunia samaki wakawa weupe kama pamba. Nusu yao nilitia chumvi, nikaanika juu ya bati. Tuna mteja wetu, fundi viatu, masikini, ameanguka, sijui yuko hospitali gani. Kesho asubuhi na mapema, kabla sijafungua, nitampelekea mkewe wale samaki awapikie watoto. Nyumba yenye mgonjwa haipiki vizuri. Sitamwambia huyu wako, anampenda sana yule fundi, ataanza kulia tena.

Shangazi yenu


Alhamisi, tarehe 10, alfajiri

KOBE. SOMA HUKU UNAKIMBIA.

Barua ya shangazi nimeifungua sasa hivi baada ya zamu ya usiku, na namba ya simu ya mtu mwingine huko sina. Vile vipande vilivyobaki alivitia chumvi, na leo asubuhi anavipeleka nyumbani kwa fundi viatu, watoto wake wale. Chumvi haiondoi ile sumu. Jua haliiondoi. Moto hauiondoi. Nimemkuta dereva amelala ndani ya lori nikamgongea kioo mpaka akanitukana, ameahidi hatasimama popote.

Daktari amesoma barua yako akiwa amesimama. Kama ni bunju, akili ya mtu huyu ni nzima na moyo wake ni mzima, anachotaka ni pumzi tu mpaka sumu ijiishie mwilini. Ndugu zake walikuwa wameshaleta shuka. Wamerudisha shuka. Sasa hivi nimeinama sikioni kwake nikamwambia, kama unanisikia pepesa jicho. Kobe, amepepesa.

Nenda. Usitafute mwanzo wenye adabu.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 10
Zahanati, benchi la nje

Dada,

Saa tatu na nusu. Nakuandikia nyuma ya karatasi yako, sina nyingine. Nimekatazwa kuondoka hapa na ni mimi niliyejikataza.

Lori lilipofika shangazi hakuwepo, na bati lilikuwa tupu. Juu yake imebaki chumvi tu yenye alama za vipande. Nyumba ya fundi iko nyuma ya soko, nilielekezwa na muuza vocha. Nilimwuliza kwa sauti, akashangaa. "Kumbe unaongea!"

Nilikuta sufuria liko motoni uani. Shangazi na mke wa fundi wamekaa kwenye vigoda, majirani watatu wamekuja kutoa pole. Mchuzi unanukia, dada, hicho ndicho kinachoniogopesha mpaka sasa, ulikuwa unanukia vizuri kabisa. Nikalishika sufuria kwa mikono mitupu nikalipindua. Moto ukazimika, mvuke ukajaa uani.

"Umepagawa?" Shangazi akasimama. "Chakula cha watoto hicho!"

"Ni bunju!" nikasema. Nilidhani nimesema. Kumbe nimepiga kelele, mbuzi wa jirani alikata kamba. "Sikuchuna mimi. Alileta Haraka, havina vichwa, nikapokea, nikakudanganya."

Kisha mke wa fundi akauliza taratibu sana, kama mtu anayeuliza bei, "Mume wangu alikula kwenu?"

Shangazi akawahi. "Mgahawa ni wangu, mama. Lawama ni yangu."

"Hapana," nikasema. "Nilimpakulia mimi. Kipande nilimchagulia mimi."

Yule mama akainuka kwenye kigoda, akanijia. Sijui angefanya nini, maana wakati huo mtoto wake mdogo, msichana wa miaka kama mitano, alitokea nyuma ya tangi la maji ameshika kijiko, analamba. Mama akamwuliza, "Umeonja?" Akasema, "Kidogo." "Kidogo vipi?" Akaonyesha kwa vidole, halafu akaona nyuso zetu, akaviachanisha vidole zaidi, na zaidi.

Mama akamnyanyua akaniwekea mikononi. "Mbebe. Wewe una miguu."

Nimekimbia naye. Viganja vyangu vimebabuka, wamenipaka dawa, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa shangazi.

Saa nne na robo. Wamemtapisha. Mganga wa zahanati anasema dawa ya sumu hiyo haipo, ipo kungoja tu. Tumwangalie mpaka jioni. Tusimwache alale, tumwongeleshe, midomo ikiwa mizito au akilalamika ganzi tuite. Mfuko wa mpira upo kabatini, nimeuomba niuone kwa macho. Nimeuliza unabanwaje. Nimeuliza mbele ya foleni nzima.

Mama yake amekaa upande wa pili wa mtoto. Haniangalii. Nimemwambia kwamba mumewe alipepesa jicho alfajiri, na kwamba aliyemwinamia ni dada yangu. Amefunika uso kwa khanga. Akiwa humo humo ndani ya khanga akasema, "Alikuwa anakula nini, mchana?" Nikamwambia wali, mchuzi, kipande. "Alikuwa anashiba?" Nikasema ndiyo. "Afadhali," akasema.

Saa tano. Mtoto amesema mdomo unawasha. Tumeita. Mganga amemmulika, amemwambia akenue meno, apulize mkono. Amepuliza. Ameandika kitu, hasemi.

Saa sita kasoro. Shangazi amepita. Ameufunga mgahawa. Amesimama pale lami inapoishia, anamzuia kila mteja na kumwambia mwenyewe kwa kinywa chake kilichotokea, mmoja mmoja. Wengine wanamtukana. Wabeba mizigo wawili wamekwenda kumtafuta Haraka. Nilimwambia, "Shangazi, nisamehe," kwa lugha ya nyumbani. Akajibu, "Tutazungumza. Sasa endelea kumwongelesha mtoto." Hakunishika, wala hakunisukuma. Ameacha chungwa kwenye benchi.

Saa sita na nusu. Nimeongea leo kuliko mwaka mzima. Nimemwambia mtoto habari za shule, za mwalimu wa hesabu mwenye mba, za wewe na soksi zako, hadithi zote ninazozijua, na nyingine nimezitunga hapo hapo. Sauti inakwama. Ana usingizi, hajalala vizuri tangu baba yake aondoke. Kila macho yakifumba namfinya shavu. Sijui usingizi wa kawaida unafananaje tena. Kifua kinapanda. Nahesabu. Kinapanda.

Saa saba. Kimepanda kidogo sana safari hii. Mama yake naye ameona. Kwa mara ya kwanza ameniangalia machoni, na macho yake yalikuwa yananiuliza mimi, kana kwamba ninajua. Nimemtikisa mtoto. Hakuamka. Nimemtikisa tena kwa nguvu, nikamwita mpaka foleni yote ikageuka.

Amefumbua jicho moja. "Niache, we pua bamia," amesema. "Mpumbavu. Unabwabwaja tangu asubuhi."

Tusi lote limetoka zima, dada, halijakwama popote. Mama yake amenishika mkono, ule uliobabuka, anaubana kwa nguvu na mimi siutoi. Zimebaki saa tano jioni ifike.

Kobe